Sifuri za Jumapili

Mama mkwe wangu hanipendi, na mimi simpendi. Nalisema mapema kwa sababu watu wakisikia kwamba kazi yangu ni mambo ya mvua na tabianchi, hudhani nitawasimulia habari za mawingu na wakulima wenye shukrani. Habari hizo sina. Nilizo nazo ni habari za chombo kimoja cha kupimia mvua kilichokuwa kwenye shamba la mama huyo kule Murera, na jinsi nilivyokiandikia hukumu ya kung'olewa huku moyo wangu ukifurahi.

Chombo chenyewe ni mkebe wa shaba, umefukiwa nusu ardhini mahali peupe, mbali na miti na paa. Ndani yake mna chupa. Kila siku saa tatu asubuhi unaitoa ile chupa, unamimina maji kwenye glasi yenye mistari, unasoma ni milimita ngapi, unaandika kwenye kadi, unamwaga. Mwisho wa mwezi kadi inafika ofisini kwetu Thika. Aliyekubali chombo kiwekwe shambani ni baba mkwe, na alipofariki wakubwa wa wakati huo walidhani kazi imeishia hapo. Mjane akawaambia hakuna kilichoisha, akachukua glasi, akaendelea peke yake. Hapati mshahara kwa kazi hiyo. Anachopata ni kwamba majirani hawapandi mpaka wamwulize, na akisema bado, wanangoja. Wenye kumdharau kwa mambo mengine humsikiliza kwa habari ya mvua. Ukimwondolea mkebe ule umemwondolea jina lake pale kijijini, na hilo nililijua vizuri kabla sijaandika neno hata moja.

Uadui wetu ulianza siku nilipopelekwa kwake mara ya kwanza. Mume wangu, wakati huo mchumba, alimwambia mamake kwamba nimesomea hali ya anga. Mama akaiangalia mikono yangu, kisha uso wangu, akauliza, “Kwani mvua pia husomewa?” Wageni wakacheka. Mimi nikacheka nao, lakini neno lile nikaliweka. Mimi ni mtu wa kuweka maneno.

Kazi yangu ni hii. Wako wataalamu wanaotengeneza modeli za tabianchi, yaani programu kubwa za kompyuta zinazojaribu kuiga hewa, bahari, jua na mvua ya dunia nzima. Modeli hazikuambii kama kesho utabeba mwavuli. Zinakuambia miaka ijayo mvua kubwa zitaongezeka ama zitapungua, na wachoraji wa mitaro na madaraja wanazitegemea. Sisi tunaziuliza kwanza habari za jana. Tunaipa modeli miaka iliyopita, tunasema, haya, tuonyeshe dhoruba za upande wetu, kuanzia Thika kushuka mpaka Ruiru: zilikuja miezi gani, zilikuwa kubwa kiasi gani, zilifuatana vipi. Kisha tunalinganisha na vipimo vya watu kama mama mkwe wangu. Modeli isiyoweza kusimulia jana haina haki ya kunihubiria kesho.

Na nyingi haziwezi. Zina tabia ya kunyunyiza mvua kidogo kidogo karibu kila siku, kama mtu mchoyo anayegawa chumvi, halafu siku ya dhoruba yenyewe zinabana mkono. Tena modeli huigawa dunia kwa miraba, na mraba mmoja unameza Thika, Juja na Ruiru kwa pamoja, wakati mimi ninayeishi Kimbo nimeona mara nyingi mtaa wetu ukigeuka mto na shamba la Murera likibaki vumbi tupu. Haya tuliyajua. Mkubwa wangu ofisini, mtu wa haraka anayefunga tai hata Jumamosi, alitaka tu ripoti inayosema modeli ipi ni afadhali, na aliitaka upesi.

Kilichoharibu ripoti ni Murera. Vipimo vya Kahawa Sukari, vya Ruiru na vya Thika vilielewana kama ndugu: dhoruba ikiwa kubwa hapa, pale utaona angalau alama yake. Murera ilikuwa na dhoruba za ajabu zisizo na ndugu. Hakuna modeli hata moja iliyozionyesha. Basi ama modeli zote zilikuwa vipofu kwa shamba lile moja, au aliyesoma ile glasi alikuwa anakosea. Mtafiti mwema angejipa muda. Mimi nilichagua saa ile ile, na sitadanganya, nilisikia utamu. Niliandika kwamba kituo cha Murera hakiaminiki, na kwamba napendekeza kiondolewe. Mkubwa akafurahi kwa sababu bila Murera michoro yote ilinyooka. Akatia sahihi, ripoti ikaenda.

Ningeweza kuacha barua ya ofisi imfikie mama yenyewe. Sikuacha. Nilimwambia mwenyewe, mezani kwake, Jumapili mchana, watoto wangu wakiwa wamekaa hapo na sahani zao za mukimo.

“Mama, ofisi itaondoa kile chombo.”

“Kwa nini?”

“Vipimo vyako havilingani na vya wengine. Unaandika mvua kubwa sana, na hakuna mtu mwingine huipata.”

Akaweka mwiko chini. “Kwani mvua huomba ruhusa kwa jirani?”

“Hata kompyuta haiioni.”

“Haiya! Na hiyo kompyuta imewahi kuja Murera?”

Mume wangu akasema, “Mum, wachana na hiyo story, tukule.”

“Siwachani nayo. Huyu amekuja kwa nyumba yangu, anakula chakula yangu, na ananiita mwongo. Ati naongeza mvua. Naongezea nani? Kwani nauza?”

Hapo ilinipasa kunyamaza. Badala yake nikasema kwa sauti ya upole, ile sauti ya upole inayouma kuliko matusi, “Sikusema wewe ni mwongo, mama. Pengine ni macho tu. Miaka imeenda.”

Alichukua mwiko, akawaongezea watoto chakula, akala akiangalia sahani yake mpaka mwisho. Nilirudi Kimbo nikijiona nimeshinda.

Wiki iliyofuata mkubwa aliniambia nitaieleza ripoti mbele ya wageni waliotugharamia. Nikaona vizuri nijiandae na ushahidi zaidi juu ya Murera, nisije nikaulizwa swali nikababaika. Nikazipanga zile dhoruba zake kwa miaka, kwa miezi, kisha, kwa kutafuta tu, kwa siku za wiki. Karibu zote zilikuwa Jumatatu. Nikaangalia Jumapili. Sifuri. Mwezi wa nne, sifuri. Mwezi wa kumi na moja, sifuri. Miaka yote aliyopima peke yake, Murera haikupata tone la mvua hata Jumapili moja.

Nilicheka peke yangu ofisini. Mawingu hayaendi kanisani. Anayekwenda kanisani ni mama mkwe, kila Jumapili bila kukosa, ibada ya kwanza, ile ya Kikuyu, inayoanza saa mbili na nusu. Ibada ya pili ni ya Kiingereza, ya vijana na magitaa yao, na hiyo haiwezi. Saa tatu ya kupima inamkuta amekaa mstari wa mbele pamoja na akina mama wa kikundi chake, kitambaa kichwani. Kumbe hapimi, nikajiambia. Anajaza sifuri ya uongo, na maji ya siku mbili anayasoma Jumatatu kama ya siku moja. Nimemshika. Nikaenda stoo kutafuta kadi zake za zamani, ili ubishi ukitokea nimwonyeshe mwandiko wake mwenyewe.

Kadi zilikuwa kwenye makatoni, zimefungwa kwa uzi. Nikafungua ya kwanza. Kwenye mstari wa Jumapili hapakuwa na sifuri. Palikuwa na kistari kifupi, kimenyooka vizuri. Nikafungua ya pili, ya kumi, ya mwaka mwingine. Kistari. Nikaigeuza moja nyuma, jambo ambalo sikuwahi kulifanya, na nyuma palikuwa na maneno kwa kalamu ya bluu: “Jumapili sipimi, niko kanisa. Ya Jumatatu ni maji ya siku mbili.” Nikazigeuza nyingine. Maneno yalikuwa yale yale nyuma ya kila kadi, mwezi baada ya mwezi, kwa miaka yote. Alikuwa akituambia kila mwezi, na hakuna aliyewahi kugeuza karatasi.

Sifuri nilizijua zilikotoka kabla sijafika kwenye faili. Nilipoajiriwa, nikiwa nimetoka chuo juzi na kabla sijamjua mwanawe, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuingiza kadi za zamani kwenye kompyuta. Programu ilikataa vistari. Ilitaka namba. Nilikuwa na haraka, nikaweka sifuri, nikaona imekubali, nikaweka nyingine. Nikaandika hata kikaratasi nikakibandika kando ya kioo cha kompyuta ili watakaonifuata wasihangaike: kistari ni sifuri. Waliokuja baada yangu walitii. Kazi ile ndiyo niliyosifiwa kwayo nikathibitishwa kazini. Wahenga walisema nyani haoni kundule. Mimi langu nilikuwa nimelibandika kando ya kioo.

Nikarudia hesabu. Kila Jumatatu ya Murera nikaihesabu kuwa ya siku mbili, na modeli nazo nikazijumlishia siku mbili zile zile. Murera ikarudi kwa ndugu zake. Zikabaki dhoruba chache kubwa za kweli, na modeli mbili, mojawapo ikiwa ile niliyoipa alama za chini kabisa, zilikuwa zimezionyesha vizuri kuliko nilivyotarajia. Ripoti yangu ilikuwa imepindua mambo. Nilikuwa nimesifu modeli mbovu, nimetukana nzuri, na nimemwita mtu aliyeandika ukweli kipofu.

Nikampelekea mkubwa. Akasikiliza akiwa amesimama.

“Ripoti ilishaenda,” akasema. “Ukirudi kusema ulikosea hapa, wataanza kuuliza ni wapi kwingine umekosea. Hiyo ni gauge moja tu, madam. Wacha iende.”

Ningependa kuandika kwamba nilipandwa na hasira. Nilisikia nafuu. Nilirudi kwenye meza yangu nikiwa mwepesi kama mtu aliyepewa ruhusa, nikamaliza siku, nikaenda nyumbani nikapika. Wiki tatu nilikaa hivyo. Kila asubuhi nilijiambia leo nitampigia mama simu, na kila jioni nilikuwa na sababu. Ya kwanza ilikuwa kazi. Ya pili ilikuwa mume wangu, kwamba nisimwingize kati. Ya kweli ni kwamba sikutaka kumpa yule mwanamke furaha ya kuwa sahihi.

Lori lilikwenda Alhamisi. Mume wangu alinipigia kutoka Murera, ameitwa na majirani.

“Wamekuja na majembe,” akasema. “Mum ameweka kiti kando ya chombo, amekaa.”

“Anawakatalia?”

“Hapana. Amewaambia bado saa tatu haijafika.”

Walifika saa mbili kasoro, na aliwangojesha. Saa tatu ilipofika alitoa chupa, akamimina, akaisoma glasi pamoja na jirani mmoja, akaandika kwenye kadi, akamwaga, akampa dereva kadi ile mkononi. Kisha akakibeba kiti chake akaingia ndani, wakachimba.

Jumamosi nilikwenda. Sikumwambia mume wangu ninakokwenda. Nilimkuta mama uani akichambua maharagwe kwenye ungo, na hatua chache kutoka kwake shimo lilikuwa wazi, udongo wake mwekundu umerundikwa kando. Hakunikaribisha kukaa, nami sikukaa. Nikamwonyesha nakala za kadi zake, mbele na nyuma. Nikamwambia kwamba zile sifuri ziliandikwa ofisini, na aliyeziandika ni mimi. Nikamwambia vipimo vyake vilikuwa sawa tangu mwanzo.

Aliendelea kutupa mawe kutoka kwenye ungo. Kisha akauliza, “Hizi kadi uliziona lini?”

Jibu jepesi lilikuwapo. Jana. Neno moja, na lisingejulikana.

“Wiki tatu sasa.”

“Kabla ya lori.”

“Kabla.”

“Na simu ulikuwa nayo.”

“Nilikuwa nayo, mama.”

Akaweka ungo chini. “Siku hiyo uliniambia ni macho, mbele ya watoto, mimi nilikuamini. Si ulisoma? Nilienda Thika kwa daktari wa macho, mara mbili. Akaniambia ni sawa, nikaona pengine na yeye hajui. Nikaanza kuita mama wa hapo juu anisomee glasi. Kila asubuhi namuita, kama mtoto wa nasari.” Sauti yake haikupanda. “Ai, miaka hiyo yote nasoma hiyo kitu peke yangu.”

“Nisamehe, mama.”

“Kusamehe nitakusamehe, Biblia inasema. Lakini usikae hapo ukingojea.”

Nikaondoka. Jumatatu niliandika masahihisho, nikayatuma moja kwa moja kwa waliotugharamia, jina langu likiwa juu na kosa langu likiwa kwenye aya ya kwanza. Mkubwa aliyasoma baada yao. Mpaka leo tunasalimiana kwa kidevu, na kazi ya kusimama mbele ya wageni alimpa mwingine. Lakini ripoti ilibadilishwa, na chombo kikarudishwa Murera katikati ya masika, katika shimo lile lile. Sikwenda kuona. Mume wangu alisema mamake aliwasimamia mpaka wakakinyoosha mara tatu.

Kadi ya kwanza ilipofika ofisini, kwenye mistari ya Jumapili palikuwa na namba. Sifuri za kweli, na Jumapili moja mvua nzuri, imeandikwa mpaka desimali. Nikaigeuza nyuma. Hapakuwa na kitu. Nikadhani yule mama jirani anamsaidia. Ya pili ikaja hivyo, na ya tatu, na mwandiko ulikuwa wake. Kisha siku moja, nikinunua mboga pale dukani Murera, mwanamke wa kikundi chake cha kanisa akanishika mkono kumwulizia mama mkwe.

“Shosho ni mgonjwa? Hatumwoni kanisa siku hizi.”

Jumapili iliyofuata nilitoka Kimbo mapema, nikafika saa tatu kasorobo. Nilimkuta amevaa gumbuti na leso ya kazi, amesimama kando ya mkebe na saa mkononi. Kengele ya kanisa ilikuwa imeshalia kitambo. Nikamwambia, “Mama, nenda kanisa. Bado utawahi mahubiri. Nitapima mimi, na nitakuja kila Jumapili.”

Akaniangalia kutoka miguuni kupanda juu.

“Wewe ndio uandike?”

Nikanyoosha mkono kuiomba glasi. Akasema, “Mungu alikuwa anajua mimi niko wapi Jumapili, na mvua ilikuwa inaningoja mpaka Jumatatu. Nyinyi ndio mlikataa kungoja.” Akainama, akatoa chupa, akainua glasi mpaka usawa wa macho yake, akaisoma mara moja, akashusha, kisha akaiinua akaisoma tena.

Ofisini wanaisifu Murera sasa. Ndicho kituo pekee upande wetu kisicho na siku hata moja iliyokosekana, na modeli mpya zikija, ndicho tunachoanza nacho kuzipima. Mama mkwe hajakanyaga kanisani tangu chombo kirudi. Wakimuuliza sababu, huwaambia wamuulize bibi ya kijana wake, na wananiuliza.